Mashine ndogo za betri kwa fundi: namna ya kuchagua ukiwa Bukavu

Hapa Bukavu, mji wa vilima mashariki mwa Kongo, mashine unaibeba kwanza, kuitumia ni baadaye. Mteja anajenga juu kabisa mtaa wa Kadutu, motari anakuacha pale barabara inapoishia, kisha zinabaki ngazi za udongo hadi mlangoni. Unafika umeloa jasho, unauliza prizi iko wapi, mama mwenye nyumba anacheka: umeme umekatika tangu jana jioni. Kama ulikuja na drili ya waya, siku hiyo umefanya mazoezi ya miguu tu.

Mimi ni fundi wa dari, milango na madirisha ya alumini. Nimetumia mashine za waya, nikanunua za betri kubwa, nikadanganywa na za bei rahisi, na sasa begi langu lote halifiki kilo sita. Namwandikia fundi anayetaka kununua mashine yake ya kwanza ya betri, au aliyenunua moja akajuta. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usianze na volti. Anza na matundu unayotoboa na umeme unaochajia. Ukishajua hayo mawili, volti haitakusumbua.

Hatua ya 1: Andika matundu yako

Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili, kila jioni, andika: skrubu ngapi, za urefu gani, kwenye mbao gani, matundu ya milimita ngapi, kwenye tofali, betoni au chuma, umekata chuma mara ngapi. Usitegemee kichwa, maana kichwa hukumbuka siku ngumu tu.

Nilipofanya hivyo nilishangaa. Nilijiona fundi wa betoni, kumbe betoni niligusa siku mbili kati ya kumi na mbili. Siku nyingine zote zilikuwa skrubu fupi za dari, bawaba, vitasa, na matundu ya milimita 6 kwenye tofali la kuchoma kwa ajili ya zile sheviye, vishikizi vya plastiki vinavyoingia ukutani kushika skrubu. Nilikuwa nabeba mashine ya kutoboa daraja kwenda kutundika pazia.

Fundi wa Goma ataandika daftari jingine kabisa. Kule misingi na kuta nyingi ni jiwe la volkeno, na jiwe lile jeusi linatafuna meshi za kawaida, yaani vile vyuma vya kutobolea. Fundi wa paa anayefunga mbao za mkaratusi uliokauka naye ana lake. Ndiyo maana ushauri wa "nunua kama ya fulani" huwa unamfaa fulani peke yake.

Hatua ya 2: Soma volti kwa kuhesabu seli

Ndani ya betri ya litiamu kuna seli, vipande vya mviringo vinavyofanana na mawe ya tochi. Iliyozoeleka inaitwa 18650, kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli ina volti 3.6 kwa wastani. Ikijaa hufika 4.2. Seli tatu zikipangwa mfululizo zinatoa volti 10.8, nazo ndizo zinazouzwa kwa jina la volti 12. Seli tano zinatoa volti 18, na zikitoka kwenye chaja zinagusa 21. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 18, iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 21 ni watoto wa tumbo moja. Wamarekani hupenda kuandika 20, Wazungu wa Ulaya 18.

Na zile zilizoandikwa 48V, 88VF, 98VF? Niliwahi kununua moja ya 98 kwenye duka fulani, nikiamini nimepata mnyama. Ilipokufa niliifungua kwa bisibisi. Seli tano. Wino wa kibandiko ni rahisi kuliko seli, ndiyo siri yote. Ukikutana na namba kama hizo, usibishane na muuzaji. Zisome kama 18 kisha uulize bei tena.

Kwa kazi ya fundi, basi, familia ni mbili: ya seli tatu na ya seli tano. Drili ya seli tatu ikiwa na betri yake ndogo huwa karibu na kilo moja. Ya seli tano iliyo fupi, ikiwa na betri ya kawaida, hukaa kwenye kilo moja na nusu. Iwekee betri kubwa inakaribia mbili. Nusu kilo si kitu ukiwa umesimama dukani. Panda ngazi, inua mkono juu ya kichwa, kaza skrubu mia mbili za dari, halafu tuzungumze.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wati-saa

Namba ya pili kwenye betri ni ampea-saa. Peke yake inadanganya, kwa sababu betri ya 2 kwenye volti 12 haina chakula sawa na ya 2 kwenye volti 18. Zidisha volti halisi kwa ampea-saa. Betri ndogo ya seli tatu ya 2 ni 10.8 mara 2, yaani wati-saa 21.6. Ya volti 18 ya 2 ni 36. Ya volti 18 ya 5 ni 90.

Hesabu hiyo inakuonyesha pia kazi ambazo betri haiziwezi kwa muda mrefu. Diskeze, ile mashine ya disiki inayokata chuma, ikivuta wati 600, betri ya wati-saa 90 inaisha kwa dakika tisa. Kukata grili mbili zilizopinda, sawa. Kukata nondo za nguzo za nyumba nzima, beba diskeze ya waya na umwambie mteja atafute jenereta. Nimeona vijana wakiua betri mpya ndani ya mwezi mmoja kwa kuilazimisha kazi hii, kisha wanasema betri za siku hizi ni mbovu.

Upande mwingine, skrubu inakula kidogo sana. Betri ndogo mbili, moja ikifanya kazi na nyingine mfukoni, zinanitosha siku nzima ya dari. Ndiyo sababu napendelea ndogo mbili kuliko kubwa moja: mkono unapumzika, na moja ikifa kazi haisimami.

Hatua ya 4: Chagua aina ya mashine

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Drili ya kawaida ina pete yenye namba nyuma ya mandrini, yaani nyuma ya kile kichwa kinachobana meshi. Hiyo pete ni klachi. Ukiweka namba ndogo, mashine inaachia skrubu ikishakaza kiasi hicho. Bila klachi, skrubu ya alumini inavunjika shingo na ile ya jipsamu inazama na kutoboa karatasi. Tafuta yenye gia mbili: ya polepole kwa skrubu, ya haraka kwa matundu. Mandrini ya milimita 10 inatosha fundi wa dari na wa umeme. Ya milimita 13 ni kwa anayetumia meshi nene. Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa nyutoni-mita. Drili fupi nzuri ya seli tatu hutoa karibu 30, ya seli tano 50 hadi 60. Zikizidi hapo, mashine ikikwama ndani ya tundu inageuza kifundo cha mkono wako, si meshi.

Mashine ya kukaza kwa mapigo ni fupi zaidi, haina mandrini bali shimo la pembe sita la milimita 6.35. Ndani yake kuna nyundo ndogo inayogonga kwa mzunguko maelfu ya mara kwa dakika. Mapigo hayo yanasukuma skrubu bila kupinda mkono, ndiyo maana kamashine kadogo kanazamisha skrubu ndefu kwenye mbao ngumu kama libuyu au mkaratusi, mahali drili kubwa inapolia. Utaona imeandikwa nyutoni-mita 100, 150 au zaidi. Usizilinganishe na zile za drili. Ni vipimo vya kazi mbili tofauti. Ubaya wake ni kelele na ukosefu wa klachi. Kwa fundi wa paa na wa samani ngumu ndiyo mashine ya kwanza. Kwa madirisha ya alumini mimi siitoi kwenye begi.

Kisha kuna kutoboa ukuta. Drili yenye alama ya nyundo inatikisa meshi mbele na nyuma kidogo kidogo, na kwa tofali letu la kuchoma inatosha kabisa hadi milimita 8. Ikikutana na linteli ya betoni, utasukuma kwa kifua mpaka uchoke. Hapo inahitajika nyundo ya kweli, ile inayotumia meshi za SDS zenye mifereji kwenye kitako, ambayo ndani yake kuna pistoni inayopiga. Nguvu ya pigo hupimwa kwa juli. Ndogo za betri za juli 1 hadi 2 zinatoboa betoni milimita 6 au 8 kwa sekunde chache, na mkono hausukumi, unaongoza tu. Daftari lako likionyesha betoni au jiwe la volkeno kila wiki, nunua hii. Usijaribu kuokoa pesa kwa drili yenye alama ya nyundo. Likionyesha mara mbili kwa mwezi, azima kwa mwenzako umlipe kitu.

Suala la makaa: mota za zamani zina vipande viwili vya makaa vinavyosuguana, vinakwisha, unabadilisha. Mota zisizo na makaa zinaendeshwa na kadi ya elektroniki, hazipotezi nguvu kwa msuguano, kwa hiyo betri ileile inafanya kazi nyingi zaidi. Katika mji wa delestaji, yaani wa umeme wa mgawo, hilo si jambo dogo. Lakini kadi ikiungua, hapa Bukavu fundi wa kuitengeneza ni wa kutafuta kwa tochi, ilhali makaa unapata kwenye kenkayeri yoyote, duka la vifaa vya ujenzi, na yakizidi ukubwa unayasugua kwenye saruji hadi yaingie. Uamuzi wangu: mashine ya kila siku iwe isiyo na makaa, ya mara moja kwa mwezi iwe ya makaa.

Hatua ya 5: Chunguza chaja kabla ya mashine

Wengi hutazama chaja mwisho, ikiwa imelala chini ya boksi. Igeuze usome kibandiko kabla ya kugusa kitu kingine.

Umeme wetu ni volti 220, hezi 50. Chaja inatakiwa iandikwe 220–240, au 100–240 kwa zile zinazokubali kote. Mashine nyingi za okazioni, zilizokwisha kutumika, zinazopita Dubai zilianzia Marekani au Japani, na chaja zake zimeandikwa 120 au 100 tu. Ukiichomeka Bukavu inatoa moshi kabla hujatoa mkono. Dalili ya kwanza ni plagi yenye ulimi mbili bapa. Adapta ya plagi haisaidii, inabadilisha umbo la miguu, volti inabaki ileile. Mashine ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri sana. Jumlisha tu bei ya chaja nyingine kabla ya kushangilia.

Kisha uangalie ampea inazotoa. Chaja ya ampea 2 inajaza betri ya 5 kwa saa mbili na nusu na kidogo. Ya haraka inaweza kumaliza chini ya saa moja, lakini inavuta wati nyingi, na hapo ndipo mwenye sola ndogo anapolia. Betri ya wati-saa 90 itachukua karibu wati-saa 110 kutoka kwenye akiba yako, kwa sababu nyingine hupotea kama joto. Kama unachajia kwenye inveta ya nyumbani, chaja ya polepole ni rafiki yako. Inveta yenyewe iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinazotoa wimbi la ngazi hupasha chaja joto, na chaja nyingine hukataa kabisa.

Mimi nategemea umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ule unaotoka mtoni Ruzizi, na jioni mtaani kwetu unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Nachaji usiku wa manane. Umeme ukirudi saa nane, chaja iko tayari, imelala kwenye saruji mbali na godoro na pazia. Usichaji kitandani. Na betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe nusu saa. Chaja nzuri itakusubirisha yenyewe, mbaya itaipika.

Hatua ya 6: Ingia familia moja

Betri ndiyo gharama. Mwili wa mashine bila betri ni rahisi, na ndiyo mtego: unanunua mwili wa rangi hii, kesho wa rangi ile, mwishowe una chaja nne na mashine nne.

Hata jina moja lina familia zaidi ya moja. Makita ilianza mfumo wake wa LXT wa volti 18 mwaka 2005 na bado unaendelea, lakini Makita za volti 18 za mfululizo wa G zina betri zisizoingia kwenye LXT. Bosch ya buluu na Bosch ya kijani, zote volti 18, hazibadilishani betri. Rangi na jina havitoshi. Nenda dukani na betri yako mkononi, uichomeke, usikie inalia tak.

Ziko pia mashine zisizo na jina zenye mdomo uleule wa betri za Makita. Zinaingia, zinazunguka, na kwa mtu anayeanza zinaweza kuwa njia. Jihadhari na jambo moja. Kinga ya betri kwa sehemu hukaa ndani ya mashine, na mashine isiyo na kinga inanyonya betri hadi chini kabisa. Seli ikishuka chini ya volti 2.5 inaanza kuharibika, na chaja itaikataa. Kwa hiyo ukihisi mashine inalegea, simama, badilisha.

Kigezo changu cha familia ni kimoja: je, naweza kupata betri nyingine ya aina hii hapa mjini, au Goma kwa boti, ndani ya siku mbili? Kama jibu ni hapana, sifa nyingine zote hazinihusu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini kwetu, upande wa Kolwezi, lakini betri inaturudia kupitia Dubai, kwa bei ya Dubai na nauli juu yake.

Ukimwagiza ndugu anayesafiri kwa ndege, mwambie betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, si la chini, na mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 kwa kila moja. Ile ya 18 mara 5 inapita. Ya 18 mara 6 ni 108, hiyo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Hatua ya 7: Pima dukani

Betri kwanza, na kipimo chake ni mizani. Betri halisi ya volti 18 ya 5 huwa na seli kumi, kila moja karibu gramu 45 hadi 50, hivyo pamoja na ganda inazidi gramu 600. Ikiwa imeandikwa 5 au 6 na haifiki nusu kilo, ndani kuna seli tano za kawaida. Mara ya mwisho niliomba mizani ya muuza nyama jirani na duka. Alinitazama kama kichaa, lakini alipima: betri ya "6.0" ilikuwa gramu 380. Muuzaji akapunguza bei bila mimi kusema neno.

Baada ya hapo, funga meshi ndefu nyembamba kwenye mandrini, zungusha polepole, utazame ncha. Ikichora duara hewani, mandrini imepinda, na kila tundu litakuwa pana kuliko meshi. Bonyeza kitufe kidogo kidogo: mwendo upande taratibu, usirukie kasi. Shika mandrini iliyosimama uitikise. Mchezo mdogo ni kawaida, kugonga si kawaida. Nusa matundu ya hewa, harufu ya kuungua haifichiki kwa rangi mpya. Mwisho, omba kuzamisha skrubu kumi kwenye mbao uliyoileta mwenyewe. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha kukujibu.

Hatua ya 8: Mpangilio wa kununua

Nunua drili fupi pamoja na chaja na betri mbili. Ifanyie kazi miezi mitatu. Mashine ya mapigo ije ya pili, mwili tu. Nyundo ya SDS au diskeze ije pale daftari litakapoidai. Usisahau pesa ya meshi. Mashine nzuri yenye meshi butu inatoboa vibaya kuliko mashine mbaya yenye meshi kali. Na miwani ya kazi, kwa sababu vumbi la dari linaanguka moja kwa moja machoni.

Kutunza betri

Ukikosa kazi kwa mwezi, usizihifadhi zikiwa zimejaa wala tupu. Nusu ndiyo kiasi. Usiziache juu ya mabati wakati wa jua wala ndani ya gari lililofungwa. Iliyovimba au iliyonyeshewa mpaka ndani haichajiwi tena. Najua, Artikolo 15, ile sheria yetu ya utani, inatuamuru tujitafutie, na wapo vijana wanaobadilisha seli barabarani. Seli nyingi wanazoweka zimetoka kwenye betri za kompyuta, hazikuundwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla, na zikichanganywa na za zamani moja inajaa kabla ya mwenzake, inapata moto. Nilijaribu mara moja. Begi liliungua mfuko mmoja.

Siku ya kwanza ya betri mpya, hesabu skrubu inazozamisha kutoka kujaa hadi kulegea, kwenye mbao moja, kisha andika namba hiyo juu yake. Yangu ya kwanza ina rangi ya kucha ya mke wangu: tarehe, na 160. Narudia hesabu kila baada ya miezi mitatu. Ikishuka chini ya 90 inatoka kwenye begi la kazi na kuhamia kwenye taa ya nyumbani, kwa zile jioni za delestaji.